"Mama, usinirekodi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi wazazi hatupendi kuambiwa.

Wiki iliyopita nilitumiwa video ya mtoto wa miaka kama sita hivi. Amesimama kando ya godoro lililolowa, fulana imemfika magotini, kiganja amekiweka usoni. Nyuma ya simu mama anacheka, anamuuliza nani kakojoa. Mtoto anajibu kwa sauti ndogo: "Mama, usinirekodi." Ilipofika kwangu ilikuwa imeshazunguka sana, na chini yake watu wasiomjua wamejaza vicheko. Ataacha kukojoa kitandani, kama tulivyoacha wengi wetu. Video itabaki.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia (Marekani iliutia saini 1995 ikaishia hapo), unamlinda mtoto katika ibara ya 16 dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima. Ibara ya 12 inataka maoni yake yasikilizwe katika kila jambo linalomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Kwa hiyo yule wa kwenye godoro hakuwa akideka. Alikuwa akidai haki yake, tena kwa maneno mawili tu.

Ila amdai nani? Sheria nyingi za watoto zimetungwa kwa kumhofia mtu wa nje: mwajiri, mlanguzi, mtu baki. Ridhaa ya mtoto imewekwa mikononi mwa mzazi, na mzazi huyo huyo ndiye mwenye simu.

Kwenye fedha walau watu walishtuka mapema. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin akiwa mdogo, alipokuwa mtu mzima alikuta sehemu kubwa ya mamilioni aliyochuma imeshatumiwa na mama yake na baba wa kambo. Kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya 1939 ya kumwekea akiba mtoto mwigizaji. Ilichukua zaidi ya miaka 80 wazo hilo kuwafikia watoto wa mitandaoni: Ufaransa mwaka 2020, jimbo la Illinois mwaka 2024.

Sheria ile ya Ufaransa ina kipengele ninachokipenda kuliko hicho cha fedha. Mtoto anaweza mwenyewe kuitaka kampuni ya mtandao ifute video zake, bila kwanza kuomba ruhusa ya wazazi. Hicho ndicho ningependa wabunge wa kila nchi wakiige. Sitaki mama yule afungwe; mtoto angeadhibiwa mara mbili. Nataka mtoto awe na mlango wa kubisha, na anayefungua asiwe yule aliyemrekodi.

Najua nitajibiwa kwamba serikali isiingie chumbani kwangu. Imeshaingia zamani. Sweden ilimkataza mzazi kumchapa mwanawe tangu 1979, na nchi nyingi zimefuata.

Mimi pia simo nje ya lawama. Baada ya kuiona video ile nilimwita binti yangu, ana miaka kumi na mmoja, nikampa simu apitie picha zake zote nilizowahi kurusha mtandaoni. Alipitia kimya, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwenye ile ya pengo la meno ya mbele akatabasamu: "Hii iache. Zingine toa." Nilifuta thelathini na nane. Moja, ambayo analia siku ya kwanza ya shule, ilikuwa imeshachukuliwa na ukurasa wa vichekesho. Nimewaandikia mara tatu. Hawajajibu.

Mzazi, msomaji wako