Salamu za Noeli: Jirani Anatusubiri Hata Januari

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu, heri ya Noeli kwenu nyote: mlio njiani kwenda kuhesabiwa kwa wazee, mliobaki mjini kwa sababu nauli haikutosha au zamu ya kazi haikuruhusu, na ninyi mtakaosoma salamu hizi mkiwa mnamuuguza mtu wodini. Mtoto amezaliwa kwa ajili yetu sote.

Majilio haya yote nimekuwa nikirudia Luka 10, ingawa si somo la Noeli. Habari ya Msamaria mwema tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na pengine kwa kuizoea tunaishia pale alipomwonea huruma yule majeruhi. Lakini tazameni alivyoendelea. Alimtia mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga. Akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, na yeye, bila shaka, akatembea kwa miguu kwenye barabara ile ya mteremko iendayo Yeriko, yenye wanyang'anyi. Akamuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, nasi tunajua kutoka mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni kuwa gharama ikizidi, atalipa atakaporudi.

Atakaporudi! Mtu ana safari yake na shughuli zake, lakini ameshapanga kupita tena kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua hata jina, tena wa watu wasiochangamana na watu wake.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Desemba hatuna tatizo. Mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vinafika kwenye vituo vya watoto yatima, na ninawashukuru kwa moyo wote mliotoa, maana kuna mtoto atakayekula pilau leo kwa sababu yenu. Ila Januari shule zinafunguliwa. Bibi anayelea wajukuu anatafuta sare, madaftari na viatu, na wakati huo sote tumeishiwa, hakuna anayempigia hodi.

Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika nyumba za watu wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Msaada ulimiminika kutoka kila upande wa nchi, unga, mablanketi, nguo, na yale yalikuwa mapendo ya kweli. Huwa namuwaza aliyezika mume na watoto wiki ile. Noeli ya mwaka uliofuata, nani alikumbuka kumjulia hali?

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo yuko mama mmoja muuza maandazi. Kila Jumamosi akishazima jiko lake huenda kwa mzee wa mtaa wa pili aliyepata kiharusi. Humchotea maji, humkata kucha, hutoa godoro nje lipigwe jua. Kabla ya kuaga, hufungua pakiti ya dawa za presha na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Akiona vinakaribia kuisha humwambia katibu wa jumuiya mapema, ili mchango upatikane dozi isije ikakatika. Mzee yule si ndugu yake, wala si wa dhehebu letu. Sijasikia mahubiri yaliyonifundisha upendo wa jirani kuliko vile vidonge vinavyohesabiwa mmoja mmoja.

Kesho, tarehe 26, wengi tutakuwa tunapumzika na kupeana zawadi, lakini Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Stefano. Kabla ya kuwa shahidi alichaguliwa kuhudumu mezani. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasema wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na jina lake ndilo la kwanza kati ya wale saba waliopewa kazi hiyo. Ninapenda sana kwamba siku moja tu baada ya hori la Bethlehemu tunaletewa mtu wa kugawa chakula.

Basi nina ombi, hasa kwa wana jumuiya wenzangu. Tukikutana Jumamosi ya kwanza ya Januari, kila familia ije na jina la nyumba moja itakayoitembelea mwaka mzima. Isiwe ya ndugu. Msihangaike na fedha, kwani wengine wanahitaji mtu wa kuwasindikiza kliniki au kuwasomea barua tu. Katibu atakuwa na daftari. Mtakaokuwa bado mko mikoani, nitumieni jina kwa simu.

Noeli njema, na Mungu awabariki katika mwaka mpya.