Barua kutoka Uskoti: siku ya kuvua kwa nzi bandia pale bwawani

Stirling, Uskoti

Kwa kaka mpendwa na wote hapo nyumbani Mumias,

Mama, shikamoo. Shemeji na watoto, hamjambo? Sisi huku hatujambo, ila baridi tu. Ama baada ya salamu, kaka umeuliza kama siku ya familia ya kuvua kwa nzi bandia, ile inayoandaliwa huku na vyama vya wavuvi, inaweza kufanyika nyumbani. Inaweza, tena msingoje kasha zima la vifaa kutoka kwetu, ila mishipi tutatuma. Hao nzi wenyewe wa manyoya na uzi, wengi wanaouzwa madukani huku wamefungwa kwa mikono Kenya.

Kwanza, msiende mto Nzoia. Mkondo una nguvu, na maji yenye tope hayamwonyeshi samaki nzi wako. Ombeni bwawa la jirani, mojawapo ya yale yaliyochimbwa kwa mradi wa serikali ulioanza 2009. Kipimo chake kilikuwa mita 300 za mraba, tuseme 15 kwa 20, na mtoto akirusha mita saba tu ameshafika karibu na katikati. Samaki wa huku ni trauti, anayetaka maji ya baridi. Nyinyi mtavua tilapia, naye hula nzi vizuri. Mjulisheni afisa wa uvuvi wa kaunti mapema, awaeleze kama mnahitaji kibali.

Sasa jambo linalowatatiza wengi. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndiyo huvuta mshipi. Hapa nzi hana uzito wowote, kwa hiyo mshipi wenyewe ni mnene na mzito, nao ndio humbeba nzi. Nambari ya mshipi ni ya uzito wake: wa nambari 5 una gramu tisa hivi katika mita tisa za mwanzo. Fimbo nayo ina nambari yake karibu na mpini, na lazima zilingane: mshipi wa nambari 5 kwenye fimbo ya nambari 8 hauipindi fimbo, na mtoto atatupa kutwa nzima bila kwenda popote. Wenye miaka minane hadi kumi na miwili wapeni fimbo ya futi 8, watu wazima futi 9. Mbele ya mshipi fungeni nailoni ya mita mbili, ya kubeba kilo mbili au tatu.

Saa mbili za mwanzo zote ziwe kwenye nyasi, bila ndoana, mwisho wa nailoni pakiwa na kipande cha sufu nyekundu. Watu watanung'unika kwamba wamekuja kuvua, waacheni wanung'unike. Mwalimu mmoja watoto wanne, nafasi ya mita kumi kati ya mtu na mtu, na nyuma pawe wazi. Nyaya za stima ziwe mbali, zaidi ya mita 30, kwa kuwa fimbo hizi ni za kaboni na kaboni hupitisha umeme.

Mtoto aanze ncha ya fimbo ikiwa chini, mshipi umenyooka mbele yake. Ainue taratibu huku akiongeza kasi, kisha asimame ghafla fimbo ikiwa imepita wima kidogo tu. Hapo angoje. Mshipi ukishanyooka nyuma, asukume mbele na kusimama tena. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, hakungoja, na majini mlio huo ni nzi aliyekatika. Mshipi ukianguka kwenye nyasi nyuma yake, amekunja kifundo cha mkono. Ingiza mwisho wa mpini ndani ya mkono wa sweta na kosa litaisha lenyewe. Nailoni ikijipiga mafundo, anatumia nguvu nyingi. Kateni fundo lile, msilifumbie macho, maana nailoni yenye fundo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake.

Wakati huo akina mama na vijana wakubwa wafunge nzi mezani. Ndoana nambari 12 ibanwe kwenye jiliwa, au kwenye koleo iliyokazwa kwa mpira. Zungusha uzi mweusi wa cherehani hadi ndoana inapoanza kupinda, sokotea sufu ya kahawia ya sweta kuukuu kwenye uzi huo, rudi nayo mbele mpaka ifanane na kidonge cha chakula cha samaki. Karibu kila mgeni wa kazi hii hujaza sufu hadi kwenye tundu la ndoana, halafu nailoni haipiti. Acheni milimita mbili. Kile kimwiba cha ndani ya ndoana kilazeni kwa koleo, ndoana zote bila kubakiza, ili ikimpata mtu sikioni itoke ilivyoingia. Jichoni ni habari nyingine: msiivute, nendeni hospitali. Kwa hiyo miwani na kofia kwa kila mtu, hata watazamaji.

Kufunga nzi: pitisha nailoni kwenye tundu, zungusha ncha yake mara tano juu ya nailoni yenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Pasipo mate nailoni huungua kwa msuguano na kukatika kwa samaki wa kwanza.

Bwawani msianze kabla ya saa tatu asubuhi. Alfajiri hewa ya majini huwa imepungua. Mkiona samaki wanahema juu, ahirisheni. Msiwalishe tangu siku iliyotangulia, kisha tupeni vidonge kiganja kimoja na nzi afuate. Warushaji wawe wanne kwa zamu, upande mmoja, na anayetumia mkono wa kulia upepo umjie kutoka kushoto, la sivyo nzi atamrudia usoni. Mtungi mtupu wa lita tano uliofungwa kamba ukae ukingoni wa kumtupia anayeanguka, na watoto wasiingie majini kwa ajili ya kichocho. Saa sita mfunge, kabla ya mvua ya alasiri. Ngurumo ya kwanza, fimbo chini.

Huku samaki wengi hurudishwa majini. Nyinyi rudisheni wadogo, kwa mikono iliyolowa ili ute wa ngozi usitoke, na wakubwa wapikwe. Hatuoni sababu ya kumwachia tilapia wa kilo nusu wakati sufuria iko motoni.

Tuandikieni idadi ya watoto na umri wao, tujue tutume mishipi mingapi. Miwani mtanunua huko.

Ni sisi wenu,
ndugu zenu wa Stirling