Kwa mtoto wa kaka yangu, kuhusu mstari wa 2018

Mwanangu,

Simu yangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, wasome hata wale waliokuwepo uwanjani siku ile, wanisahihishe nikidanganya.

Nimesikia unataka kugombea, na kwamba utaombea kura kwa jina la baba yako. Jina ni lako, lakini unalijua nusu. Wewe ulimkuta mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, mhuri mfukoni. Mimi ninamjua kijana aliyevusha watu kwa baiskeli hapa Busia, boda mpaka boda, akishinda na njaa ili apate gunia la kwanza la sukari. Ninaikumbuka Mei 1987, serikali yetu ya Uganda ilipobadilisha pesa: sifuri mbili zikakatwa, na juu yake asilimia 30 ikachukuliwa. Alirudi na bahasha nyembamba, akakaa nje hadi giza likaingia. Tangu hapo hakulaza noti ndani ya nyumba. Alikopesha. Sukari, sabuni, mabati, hata ada za watoto wa jirani. “Pesa ikiwa kwa watu,” aliniambia, “hakuna wa kuikata.” Siasa yake ilianzia hapo. Tangu enzi za RC, mabaraza yaliyotangulia LC, watu walijipanga nyuma yake kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa kwenye daftari.

Na daftari nililiandika mimi, miaka 26.

Baada ya 2001 hatukupiga tena kura ya LC1 hadi 2018. Miaka 17 alikaa kitini bila kuulizwa, na hakumfungia mtu mlango. Barua ya kitambulisho, ya kiwanja, ya mtoto aliyeshikwa usiku, aliamka akaandika. Alikuwa mwema kuliko mimi. Nalisema mbele ya wote.

Lakini mwaka ule kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa, na malori yaliyozoea kulala hapa yakawa yanapita tu. Madereva ndio waliokuwa wakitununulia kwa pesa taslimu! Rafu zikabaki na viberiti. Naye akachota mchele wa mwisho akaugawa kwenye kampeni, kwa ajili ya kiti ambacho malipo yake yalikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Nilimsihi mara tatu. Mara ya tatu mama yako alikuwepo, muulize.

Tarehe 10 Julai alivaa ile koti ya kijivu. Watu wakaambiwa wajipange, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Miguu yangu ilinipeleka nyuma ya yule mwingine. Hapana, miguu haina kosa, nilikwenda mwenyewe. Msimamizi akapita akigusa mabega na kuhesabu kwa sauti, na baba yako alikuwa akihesabu naye kwa midomo. Aliponifikia mimi, baba yako akafunga mdomo. Waliobaki hakuwahesabu.

Alishindwa kwa watu tisa. Kura yangu haikumwangusha, na hili ulilijua uliposimama kaburini ukasema wapo waliokula naye sahani moja wakasimama mstari mwingine. Watu wote waligeuka kunitazama. Mke wangu alikuwa amenishika mkono, nao mkono wake ukaachia.

Nikuulize: mchele ule ungeendelea kugawiwa, ada yako ya mwaka wa mwisho chuoni ingetoka wapi? Niliacha kukopesha wiki ile ile. Nilidai mlango kwa mlango, nikatukanwa na wazee. Stakabadhi za benki ninazo.

Usigombee kwa kugawa bidhaa, mwanangu. Atakayekula kwako leo kesho atakuwa mstari wa pili, na hutaweza hata kumchukia, kwa kuwa ni ndugu.

Jambo moja sijamwambia mtu. Jioni ile alikuja dukani akaomba daftari. Nilidhani atafuta madeni ya waliomsaliti. Akaandika jina langu chini ya majina yote, pa kiasi akapaacha wazi. Kisha akasema kesho nifungue mapema, kuna mkate unakuja. Miaka yote iliyofuata hakuligusa tena neno hilo, nami sikumuuliza.

Daftari liko kwangu, kwenye sanduku la bati. Njoo ulichukue. Njoo mchana, nitakuwepo.

Baba yako mdogo