Maji mdogo wangu, maji! Barua toka Muscat

Mdogo wangu,

Asalaam aleykum. Mama mpe shikamoo yangu, na bibi umshike mkono kwa niaba yangu, mwambie mjukuu wake bado mzima, joto halijamyeyusha japo linajaribu. Huku ni mwezi wa saba, yani ukifungua bomba la maji ya baridi yanatoka ya moto mana tangi liko juu ya paa linapigwa jua kutwa, ndo watu wanazima hita afu wanaoga yale maji yaliyolala ndani ya hita kama ndo ya baridi. Ukisimulia Tanga watasema naongopa.

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Kwamba miguu imeanza kuvimba na hiyo mimba yako kwa hiyo umepunguza maji, afu shangazi nae kakwambia maji mengi yanamkuza mtoto utakuja kupasuliwa, na choo kiko uani usiku unaogopa kutoka. Sikukujibu palepale mana nlitaka nikae nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu hilo limenikuta mie mwenyewe kwa mimba hii hii niliyonayo na sikuwaambieni, nlijua mama hatolala.

Ni hivi. Pale dukani ninaposhona abaya choo kiko ghorofa ya juu na ufunguo anao bosi, kaufunga kwenye kijiko cha mbao kikubwa kile cha kusongea, yani ukipita nao kila mtu anajua unakwenda wapi. Na kila nikiuomba anaangalia saa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtu unaona haya, nikaona dawa ni kutokunywa. Na huko ndani ni eisii kutwa nzima hutoki jasho, kiu huisikii kabisa, nami nikawa najiona nimepata ujanja. Kichwa kikiuma nameza panadol na chai. Midomo ikipasuka napaka mafuta. Wiki ya 30 ndo nilikuwa, siku hiyo jioni nainuka kwenye cherehani tumbo likakaza kama ngoma ilowambwa, likaachia, nikasema labda mtoto kajigeuza. Baada ya dakika kumi tena. Na tena. Shemeji yako hiyo gari aliiendesha sijapata kuona.

Hospitali wakanipa kikopo nitoe mkojo. Mdogo wangu, rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, afu kiduchu, mpaka nikaona aibu kumkabidhi nesi. Bahati nesi mwenyewe mama mtu mzima, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake cha mjini kabisa, maana huku wapo wengi. Akaniuliza, "Leo toka asubuhi umekunywa nini, nitajie kimoja kimoja." Nikahesabu: chai kikombe kimoja, kahawa vifinjani viwili, na maji yale ya kumezea panadol. Akanitazama tu, akaandika, akasema "haya na jana?" Jana ilikuwa hivyo hivyo.

Wakanitundikia dripu mbili, wakakuta na maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa antibayotiki zile zinazofaa mjamzito, na ule usiku tumbo likatulia. Nesi akanieleza kwamba mwili ukikauka na mkojo ukiwa na wadudu, mfuko wa uzazi unaweza kuanza kukaza kabla ya wakati, na wajawazito UTI inatupata kirahisi mana homoni zinalegeza ile mirija ya mkojo, mtoto nae kakalia kibofu, mkojo unalala ndani. Sasa ukiubana na hunywi ndo unawafugia wadudu. Mie nlikuwa nafanya yote mawili.

Sasa nije kwenye ya kwako. Kuhusu miguu: kuvimba kidogo jioni ni kawaida, na kujinyima maji hakupunguzi chochote, inua miguu ukikaa, lala ubavu, usisimame kutwa. Lakini ukiona uso na mikono navyo vimevimba ghafla, kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona nyotanyota, hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo wakupime presha, hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba na hakina mzaha.

Kuhusu shangazi, nampenda sana lakini hapa kateleza. Maji hayamkuzi mtoto. Wanaokuwa na watoto wakubwa kupita kiasi, sababu mojawapo kubwa ni ugonjwa wa sukari. Na yale maji ya kwenye mfuko wa mtoto, hata yakiwa mengi hayaji kwa sababu umekunywa glasi mbili zaidi, hayafiki hata lita moja kwa kawaida, wiki ya 34 hivi ni kama mililita 800, na asilimia kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, anakojoa anameza, anakojoa anameza, ndo maisha yake humo ndani. (Usimwambie bibi, atasema tunatukana viumbe.) Kazi kubwa ya maji unayokunywa iko kwako wewe, damu yako inaongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo, na sehemu kubwa ya hilo ongezeko ni maji. Yatoke wapi kama hunywi? Ndo mana unasikia kizunguzungu ukisimama, ndo mana choo kikubwa kinakuwa kigumu, hasa na vile vidonge vya damu.

Kiasi: huku wameniambia glasi 8 mpaka 12 kwa siku, yani kama lita mbili mpaka karibu tatu. Wewe pima kwa chupa ya lita moja na nusu, ukimaliza moja na nusu yake uko pazuri, na likija joto la kaskazi ongeza. Supu, uji, maziwa, tikiti, tango, yale machungwa ya Muheza, vyote vinahesabika, sio lazima maji matupu mpaka uyachukie. Dafu ni zuri ila lisiwe ndo maji yako yote. Ila usiniambie umekunywa lita mbili kwa mkupuo usiku kwa sababu umesahau mchana, hiyo nayo sio, kidogo kidogo. Mie nakunywa glasi kila baada ya swala na nyingine katikati, adhana ndo alamu yangu. Afu zile sunna za Jumatatu na Alhamisi ulizosema unataka kufunga, ziache kwanza, Mungu anajua una mgeni.

Kipimo kingine ni mkojo wenyewe. Ukiwa wa manjano mepesi, kama maji uliyokamulia ndimu, sawa. Ukianza kufanana na chai ya rangi, kanywe. Vidonge vingine vya vitamini vinaubadilisha rangi kwa hiyo usishtuke ukiwa manjano kali muda mfupi baada ya kumeza. Na tafadhali usinitumie tena picha WhatsApp, juzi ilinikuta niko na wakwe mezani.

Vidonge vya damu meza na maji au juisi ya chungwa, chai kaa nayo mbali kama saa moja au mbili, inazuia yale madini ya chuma yasiingie mwilini. Kahawa vikombe viwili vidogo basi. Zile energy za kwenye kopo usiguse. Na ule mchezo wako wa kutafuna barafu na udongo, kawaambie kliniki, mara nyingi ni damu imepungua, waipime, sio kutucheka tu kwenye grupu la familia. Ukirudiwa na kutapika kama miezi ile ya mwanzo, nunua ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, paketi nzima kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja, usiigawe paketi wala usiongeze sukari, unywe kijiko kijiko. Ikipita siku hakuna kinachokaa tumboni na mkojo huuoni, nenda, hiyo inataka dripu.

Maji yenyewe yachemshwe. Mtungi wa bibi wa pale kona ya ukumbini mie naota ladha yake huku, lakini yachemsheni kwanza ndo yaingie mtungini, na ile kata isilale chini, homa ya matumbo kwa mjamzito ni balaa. Huku wana maji ya ubani, wanaloweka usiku wanakunywa asubuhi, nami nlishaanza kuyapenda, nikauliza kliniki wakaniambia niache mpaka nijifungue. Kwa hiyo na wewe yasije yakakufikia masikioni ukayajaribu.

Na choo cha uani: kunywa sana mchana, ikifika magharibi punguza, lakini usiubane. Weka ndoo yenye mfuniko chumbani, shemeji yangu atamwaga asubuhi. Akinuna nipe mie simu. Na tumbo likikaza mara kwa mara, maji yakichuruzika, ukiona damu, au mtoto kapunguza kucheza, mwamsheni mtu mwenye bajaji hata saa nane za usiku, usiseme nitasubiri kukuche.

Mie sasa niko wiki ya 33, mtoto anacheza vizuri anapiga mateke mpaka abaya inatikisika. Bosi nlimpelekea karatasi ya daktari, kanipa nakala yangu ya ufunguo, haina kijiko. Ananuna, lakini nakwenda juu mara sita kwa siku na simuombi mtu.

Kuna mtu wetu anakuja huko mwezi wa nane, nimempa mzigo wako: tende kilo mbili, dera mbili pana za kukaa nyumbani, na chupa ya maji kubwa ya rangi ya kijani ina mistari ya saa pembeni, saa mbili ufike hapa, saa nne hapa. Saa zake ni za kizungu, kwa hiyo mstari wa 8 ndo saa mbili, usije ukanywa maji ya asubuhi saa nane mchana. Tende gawaneni na mama, dera moja ya bibi. Chupa ni yako peke yako, shemeji asiende nayo mpirani.

Dada yako,
Muscat