Si kila ndege mdogo ni kwelea

Mhariri,

Uwele na mtama vikianza kutoa masuke hapa Dodoma, kila ndege mdogo anayetua uani huitwa kwelea kwelea, yule ndege anayevamia nafaka kwa makundi makubwa. Shomoro kwelea, mnana kwelea, fumbwe kwelea. Watoto wanashika manati, matawi ya migunga yenye viota yanakatwa, na afisa ugani anaitwa aje kuona kundi ambalo kumbe ni shomoro wa kwenye paa. Naomba nafasi nieleze namna ya kuwatofautisha, maana mtu wa Nkuhungu, Nzuguni au Chamwino anaweza kuifanya kazi hii akiwa kwake bila kununua chochote.

Tuanze na mdomo. Kwelea ana mdomo mfupi, mnene, mwekundu, na mgongo wa kahawia wenye michirizi. Msimu wa kuzaliana dume huota uso mweusi (wachache huwa na uso mweupe) uliozungukwa na rangi ya waridi au manjano iliyofifia. Wengi hukosea kwa jike, kwa sababu akiwa katika kutaga mdomo wake hugeuka manjano. Ukikuta kundi la ndege wa kahawia wenye midomo ya manjano wakati wa masika, usikimbilie kusema si kwelea. Tafuta madume ndani ya kundi hilohilo.

Mdomo mwekundu peke yake nao hautoshi. Fumbwe anao, lakini dume wake msimu wa mvua ana mkia mrefu usiofichika, na nje ya msimu huo kichwa chake kina mistari mizito myeusi. Yule ndege mdogo mwekundu anayeokota chenga karibu na mlango wa jiko naye ana mdomo mwekundu, ila mwembamba, na mwili wake haufiki hata wa shomoro. Yule mweusi anayerundika vijiti vya miiba juu ya mbuyu ana urefu unaokaribia mara mbili ya kwelea. Huyo hata kwa mbali hapaswi kuchanganywa. Shomoro wetu ana kichwa cha kijivu na mgongo usio na michirizi.

Kisha tazama kiota. Mnana hufuma kiota kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango ukiwa chini, na hapendi kukaa mbali na watu. Kiota cha kwelea ni kidogo, cha nyasi mbichi, mlango ubavuni kuelekea juu, na hakijengwi peke yake: mti mmoja wa miiba hubeba mamia, na unaofuata vilevile, porini. Mti mmoja wa uani wenye viota ishirini, basi, ni wa minana. Kuukata ni kujinyima kivuli bure, na minana hulisha makinda wadudu wanaowatoa hapohapo mtaani.

Mwendo wa kundi nao unasema. Kwelea wakila ardhini, wa nyuma huruka juu ya wenzao na kutua mbele, kundi zima likaonekana linaviringika. Shomoro hawafanyi hivyo, hutawanyika tu.

Mahali pazuri pa kuwaona kwa karibu, hasa kiangazi cha Dodoma, ni kwenye maji. Chukua sinia la udongo au mfuniko mpana, tia maji yasiyozidi sentimita 5, weka jiwe katikati la kusimamia. Liweke mita 2 au 3 kutoka kichakani: karibu zaidi paka atavizia, mbali zaidi ndege wataogopa kipanga. Maji yabadilishwe kila siku na sinia lisuguliwe kwa brashi, la sivyo utafuga mbu na kuwaambukiza ndege magonjwa kwa kinyesi. Kaa kivulini, jua likiwa mgongoni, kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi au kuanzia saa 10 jioni. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) inasaidia, lakini kwa umbali huo macho yanatosha.

Kwa nini nasisitiza? Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la laki moja linamaliza tani moja kwa siku, ingawa sehemu kubwa huwa ni mbegu za nyasi za porini, na mtama huvamiwa zaidi punje zikiwa bado na maziwa. Wakithibitika, hunyunyiziwa sumu iitwayo fenthioni jioni wanapoingia kwenye malalo, yaani miti wanayolala. Sumu hiyo haichagui: tetere waliolala miti hiyohiyo wanakufa, na bundi na mwewe wanaokula mizoga nao wanakufa. Kondoa wapo wanaotega kwelea kwa nyavu na vikapu na kuwauza kama kitoweo. Aliyekufa kwa sumu asiokotwe kabisa.

Ukishajiridhisha kuwa ni kwelea, taarifa yenye maana haiishii kwenye "ndege ni wengi". Mwambie afisa ugani wa kata: wanalala wapi, wanaingia saa ngapi, ni miti gani, eneo ni kama ekari ngapi, kama kuna mayai au makinda, na mtama wa jirani umefikia hatua gani. Piga picha mbili, moja ya ndege kwa karibu na nyingine ya kiota, mlango ukionekana.

Mtazama ndege,
Ipagala, Dodoma