Kwa nini hatuwashi roboti ya kadi kabla ya kukubaliana lengo

Tunawawekea watu roboti, yaani programu inayowanunulia na kuwauzia kadi za mchezo wa Magic Online. Wiki haipiti bila mtu kutuuliza: "Mbona roboti yangu inauza kutwa kucha na faida siioni?" Juzi mteja kafika hapa Kampala akidai tumemla hela. Tukafungua kumbukumbu za roboti mbele yake. Baada ya sisi kumkabidhi, aliondoa lengo tulilokubaliana, akaweka idadi ya mauzo kwa siku. Roboti ikashusha bei hadi idadi ikatimia.

Tunazungumzia Magic Online, mchezo wa kadi wa kidijitali uliopo tangu 2002. Humo wachezaji hubadilishana kadi kwa tiketi, ambayo duka la mchezo huiuza dola 1. Tiketi haigawanyiki. Mtu akilipa tiketi nzima kwa kadi ya tiketi 0.30, roboti humwandikia salio la 0.70. Hilo ni deni lako, ila wengi hulihesabu kama faida!

Ndiyo maana hatuanzi na lengo la shilingi. Tunaandika tiketi zako zizunguke mara ngapi kwa mwezi, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza lisipungue kiasi gani. Kisha stoo: deki, yaani fungu la kadi analochezea mtu, huruhusu hadi nakala 4 za kadi moja kwa kadi nyingi, kwa hiyo mnunuzi anazitaka zote 4 kwa mpigo. Ukiwa na 1, anahamia kwa mwingine. Mama mmoja wa duka la jumla Kikuubo alilielewa hili kabla hatujamaliza kueleza. Alikataa kulaza mtaji kwenye kadi ghali, akajaza zile za bei ndogo zinazotoka kila siku.

Mkato unaoumiza watu ni kunakili bei za roboti nyingine. Kijana mmoja wa Ntinda alifanyiwa hivyo na fundi wa bei chee, na bei za kuuza zikaingia kwenye safu ya kununua. Kufika asubuhi tiketi zimekwisha, akaunti imejaa kadi zilizododa. Kuisafisha kulimgharimu kuliko ada yetu aliyoikimbia.

Ada hiyo hatuipunguzi. Ndani yake tunapitia bei kadi kwa kadi, tunaweka kikomo cha nakala ili kadi ikipigwa marufuku mashindanoni isikumalize, na tunakodi seva, maana kwa kompyuta ya nyumbani umeme ukikatika duka limefungwa.

Ukija, njoo na mtaji unaoweza kuuacha miezi mitatu bila kuugusa. Karo ya watoto usiihesabu humo.