Kwa Nini Hatuuzi Anuradhapura na Polonnaruwa kwa Siku Moja

Maombi ya safari za Sri Lanka tunayopokea hufanana sana: siku tano, na katika siku ya kwanza mgeni anataka Anuradhapura asubuhi, Polonnaruwa mchana, kisha alale Kandy. Ukitazama ramani hakuna la ajabu. Miji hiyo miwili ya kale imeachana kwa kama kilomita 100, tena kwa barabara ya lami. Sisi hujibu hapana, na ni haki yako kujua sababu kabla hujalipa hata senti.

Tuliwahi kukubali, tulipokuwa bado wachanga katika kazi hii. Tulikuwa na kundi la watu tisa kutoka Mombasa, wengi wao akina mama wa makamo. Tulifika kwenye stupa (kuba takatifu la Wabuddha) ya Ruwanwelisaya, Anuradhapura, saa sita mchana. Pale huingii na viatu wala kofia, kwa sababu si magofu matupu. Watu wanaabudu hapo mpaka leo. Uwanja mzima umetandikwa mawe, na jua la saa sita lilikuwa limeyageuza kikaango. Mama mmoja alirudi garini nyayo zimetoka malengelenge. Polonnaruwa aliiona kupitia dirishani. Alikuwa amedunduliza fedha za safari ile mwaka mzima, na kosa lilikuwa la ratiba yetu. Hatujaiuza tena ratiba hiyo.

Joto ni sehemu tu ya tatizo. Anuradhapura ilikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,300, kuanzia karne ya 4 kabla ya Kristo, na mabaki yake yametapakaa porini na mjini kiasi kwamba kutoka hekalu moja hadi jingine unahitaji gari, bajaji au baiskeli. Chukua Jetavanaramaya peke yake. Ni kuba la matofali lililoanzishwa na Mfalme Mahasena katika karne ya 3. Lilipokamilika lilikuwa na kimo cha kama mita 122, na duniani wakati huo ni piramidi mbili za Giza tu zilizolipita. Matofali yake yanakadiriwa kuwa milioni 93. Anayeshuka, akapiga picha, akapanda gari, ataondoka na picha ya kilima chekundu. Tunawaomba wageni walizunguke lote taratibu, kuba likiwa mkono wa kulia kama wafanyavyo waumini. Ukifika nyuma, penye kivuli na ndege, ndipo ukubwa wake unapokuingia.

Halafu kuna mti. Sri Maha Bodhi ni wa jamii ya mkuyu, na kwa mujibu wa kumbukumbu za kale ulipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, kutokana na tawi la mti ule wa India ambao Buddha aliketi chini yake. Matawi yake leo yameegemezwa kwenye nguzo kama mzee anayeshikwa mkono. Tunawapeleka wageni alfajiri, wakati familia zinaingia zimevaa nyeupe na kubeba maua ya yungiyungi. Hakuna anayepiga kelele. Wengi wa wageni wetu ni Waislamu na Wakristo, na huketi pembeni kwa adabu, wakitazama. Hiyo ndiyo saa tunayoilinda kuliko zote katika safari nzima, nayo haipatikani ukiwa umetoka Colombo asubuhi hiyohiyo.

Polonnaruwa nayo inastahili siku yake. Imekusanyika zaidi, kwa hiyo baiskeli inatosha. Mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1153 hadi 1186, anakumbukwa kwa kauli kwamba hata tone la mvua lisifike baharini bila kumfaa binadamu. Ziwa alilolichimbisha bado linamwagilia mashamba ya mpunga. Pale Gal Vihara, sanamu nne za Kibuddha zimechongwa katika mwamba mmoja. Ile iliyolala ina urefu wa mita 14, na fundi alikumbuka hata kuubonyeza mto wa jiwe pale kichwa kilipolalia. Tafadhali usiipe sanamu mgongo ili ujipige picha. Wenyeji huona ni dharau kubwa, na wapo watalii waliowahi kurudishwa kwao kwa sababu ya chale zenye sura ya Buddha mwilini.

Tena, kila mji una tiketi yake kwa wageni kutoka nje, na bei yake si ndogo. Ukikimbizana na saa unalipa mbili kamili na kutumia nusunusu.

Kuhusu majira, watu wa pwani mna faida, maana pepo ni zilezile. Kusi ya Mei hadi Septemba hushusha mvua kusini na magharibi mwa kisiwa, ilhali miji ya kale hubaki mikavu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni zamu ya Galle, mji wa pwani ya kusini, kupendeza: una ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1588, kisha Waholanzi wakaipanua. Itakukumbusha Fort Jesus, ila ndani yake watu bado wanaishi, wanaanika nguo, na wanaswali katika msikiti ambao ukiuona kwa mbali utadhani kanisa. Asubuhi hapo tafuta appa, chapati za unga wa mchele na tui zilizo ndugu wa vibibi.

Epukeni pia siku ya mwezi mpevu, hasa ya Juni. Hiyo ya Juni ni Poson, sikukuu ya Wabuddha, na Anuradhapura hufurika mahujaji.

Basi tunavyopanga sisi ni usiku mbili Anuradhapura na moja Polonnaruwa. Mahekalu ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mchana ni wa kupumzika. Ndiyo, usiku wa ziada unaongeza gharama, na tunauandika wazi kwenye hesabu. Beba soksi nene na leso ya kufunika mabega na magoti. Ukituandikia, tutajie umri wa kila msafiri na kama kuna mwenye kisukari au maumivu ya miguu, ili tupange saa za kutembea tangu mwanzo.